Saa Janja Imelala kwenye Chaji, Imeamka Haiwaki: Anzia Ukutani

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja aliilaza saa yake juu ya meza yangu kama mtu anayelaza kuku aliyekufa kwa kideri. Nikamwamkia.

"Marahaba baba. Saa yangu imekufa. Imelala kwenye chaji usiku kucha, nimeamka haiwaki."

"Uliichajia wapi, mama?"

"Kwenye tivii, pale sebuleni. Kuna kitundu cha waya nyuma."

"Na tivii usiku ilikuwa imewashwa?"

"Usiku kucha? Aitazame nani?"

Hapo nikajua saa ni nzima. Tivii nyingi zikizimwa, kile kitundu cha USB nacho kinakata umeme. Saa ililala na waya mgongoni, lakini chakula hakikupita. Niliiweka kwenye chaja yangu ya mezani, akaenda sokoni Majengo kununua mboga, na aliporudi saa ilikuwa inatetemeka mfululizo ikimkumbusha kengele ya saa kumi na moja alfajiri.

Katika kibanda changu hapa Dodoma, lalamiko hili ndilo linaloongoza kwa upande wa saa. Wanaokuja karibu wote wameshahukumu betri. Mimi betri huiweka mwisho kabisa wa foleni. Umeme una safari: unatoka ukutani, unapita kichwa cha chaja, waya, sumaku, mgongo wa saa, ndipo unafika kwenye betri. Fuata safari hiyo hiyo unapotafuta ugonjwa, usianzie mwisho.

Dalili ya kwanza: imelala kwenye chaji, asubuhi giza totoro

Sababu inayoongoza ni kwamba umeme haukuwa unafika. Tivii nimeshaitaja, king'amuzi na kompyuta mpakato zina tabia hiyo hiyo zikilala. Kuna eksitensheni yenye swichi ambayo mtu wa mwisho kulala aliizima kwa kubana matumizi. Kuna Luku iliyoisha saa nane usiku. Kuna umeme uliokatika saa tano na kurudi alfajiri, wewe ukiwa usingizini, ukaamka ukakuta taa zinawaka na kudhani uliwaka usiku mzima.

Pawabenki nayo inawachanganya watu wengi, hasa vijana wa chuo wanaochajia kitandani. Saa ina betri ndogo, nyingi ni kati ya milliampea-saa 200 na 500, na inavuta umeme kidogo sana ukilinganisha na simu. Pawabenki imezoea simu. Ikiona mvuto mdogo hivyo inadhani hakuna kitu kilichochomekwa, inajizima yenyewe baada ya muda mfupi. Pawabenki haijaharibika na saa haijaharibika, ila haziendani. Baadhi ya pawabenki zina hali maalumu ya vifaa vidogo, ambayo huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia. Kama yako haina, chajia ukutani.

Jinsi ya kuhakikisha: chomeka simu kwenye kichwa kile kile na soketi ile ile. Simu ikiingiza chaji, ukuta na kichwa vimepita mtihani. Isipoingiza, hamia soketi nyingine kabla hujalaumu chochote.

Sababu ya pili ni mkao. Chaja za saa hushikwa kwa sumaku, na sumaku inakupa imani ya uongo: ukisikia "tak" unajua tayari. Lakini saa yenye mkanda wa chuma au mkanda uliofungwa duara inajiinua upande mmoja, na chaja za bila pini zinahitaji mgongo wa saa ulale sawasawa juu ya kile kisahani. Fungua mkanda, ulaze pande zote mbili. Kama umeivalisha kava, ivue. Na kama chaja ni mpya, itazame vizuri, kwani inawezekana ile karatasi ya plastiki ya kiwandani bado iko juu yake. Usicheke. Nimewahi kuibandua kwenye chaja ambayo mwenyewe aliitumia miezi mitatu akilalamika kwamba "inachaji kwa kusitasita".

Kisha subiri uone alama ya chaji kwenye kioo kabla ya kuzima taa ya chumba. Ni sekunde tano tu, na zingewaokoa nusu ya wateja wangu.

Sababu ya tatu ni uchafu, na hapa Dodoma ina sura yake. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wetu haupumziki, na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Ngozi inakauka, watu wanajipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Mafuta, jasho na vumbi vikikutana mgongoni mwa saa vinazaa utando fulani wa kahawia. Ukiukwangua kwa pamba ya masikio unatoka kama ugoro uliolowa. Kwenye saa yenye pini mbili au nne, utando huo unafunika pini kabisa. Kwenye saa ya bila pini unainua saa kiasi cha nywele, na kiasi hicho kinatosha kuleta matatizo. Wanaooga kwa maji ya kisima yenye chumvi wana la ziada: ukoko mweupe kama ule wa birika, umeganda kuzunguka pini.

Kusafisha ni hivi. Ondoa saa kwenye chaja na uchomoe chaja ukutani. Chukua mswaki laini mkavu, sugua mgongo wa saa na uso wa chaja. Kisha pamba ya masikio iliyoguswa spiriti ya dukani, ile ya kusafishia vidonda, ipitishe juu ya pini taratibu mpaka pamba itoke safi. Acha ikauke dakika kumi. Usitumie msasa, wembe wala ncha ya kisu. Pini zina ngozi nyembamba ya dhahabu. Ukiikwangua, kutu ya kijani itakutembelea ndani ya wiki chache. Dawa ya kufulia ya klorini nayo iache bafuni.

Sababu ya nne ni waya wenyewe. Unakatika pale pale kila mara: sentimita mbili kutoka kwenye sumaku au kutoka kwenye kichwa cha USB, mahali unapokunjwa. Ukiushika na kuuzungusha pale, ukaona alama ya chaji inakuja na kuondoka, umeshapata jibu. Azima wa mtu mwenye saa ya aina ile ile ujaribu.

Nimesisitiza aina ile ile kwa sababu ya hizi saa za bei nafuu zenye pini mbili. Nyaya zake zinafanana kwa macho, na muuzaji atakuambia "hii inaingia zote". Kushika inashika, ila baadhi ya viwanda huweka chanya kushoto na vingine kulia. Waya usio wake unaweza kuingiza umeme kinyume, na saa ambayo ilikuwa na njaa tu ikaungua bodi. Kama una mtu mwenye kipimo cha umeme, apime: ncha za waya zitoe karibu volti 5, na alama ya chanya ikae upande ule ule kama wa waya wa zamani. Kama huna, nunua waya wa modeli yako kwa jina lake. Na zile sumaku zenye pini mbili wazi zisiachwe zimechomekwa bila saa. Zinanasa funguo, sarafu na pini za nywele, kisha zinapiga shoti.

Wanaotumia saa zinazoiga umbo la Apple Watch wajue pia kwamba kisahani cha nakala na cha saa halisi vinafanana kama mapacha, lakini mara nyingi havielewani.

Sababu ya tano: betri imekauka hadi chini kabisa. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na takriban volti 4.2. Ikishuka karibu na volti 3 saa inajizima. Ukiitupa kabatini miezi minne, kwa mfano ulikwenda likizo Kondoa ukaisahau, inaendelea kushuka taratibu hadi ulinzi wa ndani unakata kabisa. Ukiichomeka, haionyeshi kitu. Haitoi hata alama. Inalishwa kwa kijiko kwanza, umeme kidogo sana, mpaka betri ipate nguvu ya kupokea chaji kamili. Watu wanaichomoa baada ya dakika tano wakisema imekufa. Iache dakika 30, ikibidi saa mbili, kwenye chaja unayoiamini na sehemu unayoweza kuiona. Ukigusa ukakuta imepata moto wa kuunguza, chomoa.

Sababu ya sita ni mfumo kuganda: betri ina chaji, lakini programu imelala fofofo. Ikiwa imekaa kwenye chaja walau nusu saa, ilazimishe kuwaka upya. Apple Watch, shikilia kitufe cha pembeni pamoja na kile cha kuzungusha kwa sekunde 10 au zaidi mpaka nembo itokee. Galaxy Watch, shikilia vitufe vyote viwili kwa pamoja zaidi ya sekunde 7. Garmin nyingi, shikilia kitufe cha taa sekunde 15. Saa zenye kitufe kimoja, kishikilie sekunde 10 hadi 20 bila kuachia, hata kama inatetemeka katikati. Usifanye hivi kama unajua ilikuwa inapokea toleo jipya la programu.

Umepita hatua zote sita na bado giza? Sasa ndipo betri au bodi inaingia kwenye mazungumzo, na hapo usiendelee peke yako. Kama waranti ipo, mrudishie muuzaji ikiwa haijafunguliwa. Fundi wa mtaani akishaipasha joto kioo, hakuna atakayekusikiliza.

Dalili ya pili: inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo tena

Hapa kipimo kimoja kinamaliza nusu ya ubishi. Iwashe ikiwa juu ya chaja. Ikiwaka na kutulia, kisha ikazima mara tu unapoitoa, betri imechoka. Kuwaka kunahitaji nguvu ya ghafla, na betri iliyozeeka inaonyesha asilimia 30 kwenye kioo lakini ikiambiwa nyanyua mzigo, magoti yanakatika. Ni mzee anayekaa vizuri kwenye kigoda mpaka umwambie asimame.

Kama inazunguka kwenye nembo hata ikiwa juu ya chaja, sababu ya kawaida ni toleo jipya la programu lililokatikia njiani. Mtu anabonyeza "sakinisha" saa nne usiku, umeme au bando linakatika, saa inabaki katikati ya mto. Iache kwenye chaja kwa muda wa saa moja kwanza, simu ikiwa karibu na Bluetooth ikiwa imewashwa. Nyingine humalizia zenyewe. Kisha jaribu kulazimisha kuwaka mara moja tu. Ikishindikana, inabaki kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na hiyo hufuta kila kitu kilichomo.

Kwa Apple Watch kuna la kujua kabla hujaanza toleo jipya: inataka iwe juu ya chaja na betri walau asilimia 50. Haifanyi maringo, inaogopa hicho hicho nilichokieleza.

Na neno kwa wanaonunua saa ya mtumba. Ukiirudisha kiwandani ikaanza kudai akaunti ya mtu usiyemjua, hiyo si hitilafu. Mtafute aliyekuuzia. Fundi anayekuambia ataipita kwa elfu kumi ama anakudanganya ama anajua mambo ambayo usingependa kuyajua.

Dalili ya tatu: inatetemeka lakini kioo cheusi

Saa ni hai. Angalia kwanza kama iko kwenye hali ya usiku au ya ukumbini, ambapo kioo hakiwaki mpaka ukiguse au ubonyeze kitufe. Angalia kama mwangaza umeshushwa mwisho. Ingia chumba chenye giza uitazame. Mulika tochi ya simu kwa pembeni: ukiona maandishi hafifu, taa ya kioo imekufa ila picha ipo. Ikiwa ilianguka siku hizi mbili tatu, kioo au utepe wake wa ndani umeachia. Hiyo ni kazi ya fundi, na bei ya kioo iulize kabla hujaiacha, kwa sababu kwa saa za bei nafuu kioo kinaweza kukaribia bei ya saa nzima.

Dalili ya nne: inachaji, ila tarakimu hazieleweki

Inasimama kwenye 80. Watu wanakuja na hasira, "haijai!" Mara nyingi ni saa inayojali afya yake. Saa kadhaa, zikiwemo za Apple, hujifunza saa unayoamka, zinafika asilimia 80 na kusubiri, kisha zinamalizia karibu na muda wa kuivaa. Ukibadilisha ratiba ghafla, kwa mfano safari ya alfajiri kuwahi treni ya Dar, itakukuta kwenye 80. Tafuta kwenye mipangilio ya betri kabla hujatafuta fundi. Nyingine husimama kwa sababu ya joto, hiyo nitaifikia.

Inaruka kutoka 40 hadi kuzima. Kipimo kimepotea. Mara moja tu, itumie mpaka izime yenyewe, kisha ichaji mfululizo hadi 100. Ikiendelea kuruka, betri imechakaa. Usifanye zoezi hilo kila wiki. Ushauri wa "imalize kabisa ndipo uchaji", pamoja na ule wa "mpya ichaji masaa nane kwanza", ulikuwa wa betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu haina kumbukumbu ya aina hiyo, na kuikausha kila mara kunaichosha.

Ilijaa usiku, saa sita mchana imekwisha. Kabla ya betri, angalia kioo kisichozimika, kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi mfululizo, GPS iliyoachwa wazi tangu mazoezi ya jana, na programu ya uso wa saa uliyoipakua kwa sababu ina picha inayocheza. Zima moja moja, siku moja kwa kila moja. Ukizizima zote kwa mpigo hutajua mchawi alikuwa nani.

Dalili ya tano: inapata moto ikiwa kwenye chaji

Uvuguvugu ni wa kawaida, hasa kwa chaja za bila pini. Moto unaokufanya uondoe kidole si wa kawaida. Betri za lithiamu kwa ujumla zimetengenezwa kuchajiwa kati ya nyuzi joto 0 na 45, na betri iliyo ndani ya saa huwa na joto zaidi ya chumba. Oktoba na Novemba, chumba cha bati kisicho na dari hapa kwetu saa tisa alasiri hakina huruma. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni jiko. Saa nyingi zikihisi joto zinakata chaji zenyewe, na mwenye saa anadhani imeharibika. Ihamishie kivulini, subiri ipoe yenyewe, jaribu tena. Kuiweka kwenye friji kunaleta unyevu ndani ya kioo.

Kichwa cha chaja nacho kiangaliwe. Watu wanaogopa kichwa cha wati 65 cha simu mpya kwamba "kitaunguza" saa. Kichwa kizuri hakimlazimishi mtu. Saa inavuta kiasi chake. Kinachotisha ni kichwa kisicho na jina, chepesi kama ganda la karanga, kinachonung'unika ukikiweka sikioni. Hicho ndicho nimekiona kikitoa volti za kubahatisha. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ndicho kinachokufa kwanza, na mara nyingine kinakufa na saa. Kwenye nyumba ambayo umeme unacheza, gadi ile ya friji au tivii inaifaa chaja pia. Radi za Desemba na Januari zikianza kunguruma, chomoa.

Sasa swali ninaloulizwa kila siku: kulaza saa kwenye chaji usiku kucha ni vibaya?

Kwa saa nzima yenye chaja nzuri, haitalipuka wala "kuzidi chaji". Ikijaa, mzunguko wa ndani unakata. Kinachoizeesha betri ni kukaa imejaa pomoni ikiwa kwenye joto, masaa kwa masaa, kila usiku. Tofauti hutaiona mwezi huu. Utaiona mwaka wa pili, pale saa iliyokuwa inakaa siku mbili inapoomba chaji kabla ya magharibi.

Mimi ya kwangu naichaji ninapooga na kula chakula cha usiku. Saa nyingi zinajaza sehemu kubwa ndani ya saa moja hadi mbili, na baada ya hapo unaweza kulala nayo mkononi ikapima usingizi, kazi ambayo ndiyo watu wengi waliinunulia. Mteja wangu mmoja anayefanya kazi ofisi za Mtumba huchaji mezani kuanzia saa mbili hadi saa tatu asubuhi, basi. Si lazima ifike 100. Asilimia 85 inakufikisha.

Kama ratiba yako hairuhusu na ni lazima ilale kwenye chaji, basi mahali ni muhimu kuliko muda. Vigae au sahani ya udongo inafaa. Godoro, mto na kochi havifai. Na tafadhali, usipitishe waya ndani ya chandarua. Vyandarua vingi ni nyuzi za plastiki, vinashika moto upesi, na mtu aliyelala ndani ya chandarua hatoki haraka. Kati ya yote ninayowaambia wateja, hili ndilo ninalolisema kwa sauti ya juu.

Walioko vijijini Bahi au Chamwino, kwenye nyumba zisizo na umeme wa gridi, wanaochajia kwenye taa ya sola: chaji mchana paneli ikiwa juani, kisha chomoa. Usiku taa na saa zinagombea betri moja, na saa itashindwa. Bodaboda wanaochajia kwenye USB ya pikipiki wajue kwamba umeme wa hapo unapanda na kushuka na mwendo wa injini. Kwa simu inavumilika, kwa saa ndogo sikushauri.

Dalili ya sita: imeingia maji, sasa haiwaki

Iondoe mkononi, izime kama bado inawaka, na usiichaji. Umeme ukikutana na maji kwenye pini, chuma kinaanza kuliwa saa hiyo hiyo. Ifute, ilaze mgongo juu mahali penye hewa na kivuli, siku nzima au mbili. Mchele hausaidii, unaacha unga kwenye matundu ya spika, na wali wenyewe utaula kwa mashaka. Kama yalikuwa maji ya sabuni au ya chumvi, suuza kwanza kwa maji safi kidogo ya bomba, ndipo uifute.

Maandishi ya "5ATM" au "IP68" nyuma ya saa ni ya maji baridi, safi, na saa ikiwa mpya. Hayahesabu mvuke wa maji moto wala sabuni, na mpira wa kuziba ukishazeeka au kioo kikishafunguliwa na fundi, ahadi hiyo imekwisha. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usisubiri ukauke wenyewe: ipeleke ifunguliwe kabla bodi haijaota kutu.

Dalili ya saba: kioo kimeinuka, au mgongo umeachia

Simama hapa. Usiikandamize kirudi. Usiichaji hata kidogo "kuona kama inawaka". Betri imevimba: ndani kuna gesi, na kati yake na ngozi yako kuna karatasi nyembamba.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilijifanya najua. Nilichomeka kibanio chini ya betri iliyovimba, nikakinyanyua kwa pembe. Nikasikia "fss" kama soda, ukatoka moshi mweupe wenye harufu tamu kali inayokaba koo, na betri ikaanza kuwaka. Bahati kulikuwa na ndoo ya mchanga nje ya mlango, nikaisukumia humo kwa bisibisi. Meza yangu ina doa jeusi mpaka leo.

Kwa hiyo: ivue, iweke ndani ya bati au sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, nje ya chumba cha kulala, mbali na watoto. Usipande nayo basi kwenda kutengenezewa mkoa mwingine. Usiitupe kwenye shimo la taka mnalochoma nyuma ya nyumba. Ipeleke kwa fundi anayebadilisha betri za saa, mwambie mlangoni kabisa kwamba imevimba, na ukimwona anachukua bisibisi ya bapa na kuanza kuibinua mbele ya kifua chako, ichukue saa yako uondoke. Ikianza kutoa moshi nyumbani, toeni watu nje kwanza, msivute ule moshi.

Kwa dalili nyingine zote, ukija kwa fundi njoo na mambo matatu: saa, chaja yake na waya ule ule ulioutumia usiku. Wengi huja na saa tupu, naijaribu kwa chaja yangu, inawaka, wanaondoka wakifurahi, na Jumanne wanarudi na kilio kile kile kwa sababu mgonjwa alibaki nyumbani, amechomekwa nyuma ya tivii.